Kujua kumegeuzwa kosa: tunaisoma vibaya kesi ya SolarWinds

Novemba 2025 ile tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, iliifuta kesi iliyokuwa inaiandama kampuni ya programu za kompyuta ya SolarWinds, iliyodukuliwa, pamoja na mkuu wake wa usalama wa mifumo, Tim Brown, na ikaifuta jumla, yaani madai yaleyale hayawezi kurudishwa tena mahakamani. Tangu hapo nimekutana na maoni ya aina mbili tu. Kuna wanaoshangilia kwamba watu wa usalama wa mifumo wamepumua, hatashtakiwa mtu tena kwa sababu tu kadukuliwa, na kuna wanaolalamika kwamba kampuni za teknolojia zimeachiwa zifanye zitakavyo na data zetu. Wote wanabishana nani kashinda, na mimi naona hilo ndo jambo dogo kuliko yote kwenye hii kesi. Kubwa ni kwamba sheria inayozihusu hizi kampuni, ukianzia kwenye hataza, yaani haki za mgunduzi juu ya alichogundua, mpaka usalama wa data, imefika mahali ambapo anayejua tatizo anaumia kuliko asiyejua, na kwa hiyo kampuni zinajifunza kutojua, na kufutwa kwa kesi hii hakujagusa hilo hata kidogo.

Tukumbushane kilichotokea. Wadukuzi, ambao serikali ya Marekani ilisema ni wa shirika la ujasusi la nje la Urusi, waliingia kwenye mfumo ambao SolarWinds inautumia kutengeneza Orion, programu yake ya kusimamia mitandao ya kompyuta, wakapachika msimbo wao ndani ya apdeti halali, na wateja wakaipakua wenyewe kwa imani kabisa. Kampuni ilisema wateja karibu 18,000 huenda waliipokea, ingawa walioingiliwa kweli ni wachache zaidi, wakiwemo wizara za serikali ya Marekani. Sasa angalia jinsi ilivyogundulika: Desemba 2020 kampuni ya FireEye, ambayo kazi yake yenyewe ni usalama, ilitangaza hadharani kwamba imeibiwa, ikaendelea kuchimba mpaka ikakuta kwamba mlango ulikuwa Orion. Jambo lililojificha kwa miezi lilifichuka kwa sababu kampuni moja ilikubali aibu ya kusema. Naomba uishike hiyo, tutairudia.

SEC ilifungua kesi Oktoba 2023 ikidai kwamba wawekezaji walidanganywa kuhusu hali ya usalama ya kampuni. Julai 2024 jaji Paul Engelmayer alitupa sehemu kubwa ya madai, akabakiza yale ya tamko la usalama ambalo kampuni iliweka kwenye tovuti yake kwa wateja, na mimi naona alikuwa sahihi kabisa, maana ukiwaambia watu kwamba nyumba ina kufuli wakati unajua haina, huo ni uongo uwe umeibiwa au hujaibiwa. Madai hayo hayakuwahi kufika hatua ya kusikilizwa kwa ushahidi kamili kwa hiyo sisemi yalikuwa kweli. Ila soma hati ya mashtaka uone imejengwa na nini. Imejengwa na slaidi za ndani, meseji za ndani, maonyo ya mainjinia wa kampuni hiyohiyo, watu walioandika kwamba mfumo wa kuingilia kutoka mbali hauko salama, kwamba mali muhimu za kampuni ziko hatarini. Hao ndo waliofanya kazi yao vizuri, waliona ufa wakasema, na maneno yao yakawa matofali ya kesi dhidi ya kampuni na dhidi ya bosi wao. Kila wakili wa kampuni aliyesoma ile hati alitoka na somo moja, na somo lenyewe halikuwa kwamba tukarabati mfumo, lilikuwa kwamba watu waache kuandika.

Watu huwa wanaichanganya hii na kesi ya Joe Sullivan, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Uber, na ndo maana mjadala unapotea njia. Sullivan hakuhukumiwa kwa kudukuliwa. Mwaka 2016 wadukuzi walichukua data za watu milioni 57, abiria na madereva, na wakati huohuo Uber ilikuwa inachunguzwa na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kwa wizi mwingine wa nyuma, na Sullivan mwenyewe alikuwa ametoka kutoa ushahidi kwa hao wachunguzi siku chache tu kabla. Kilichofuata, wadukuzi walilipwa dola 100,000 kwa Bitcoin kupitia mpango wa kuwazawadia wanaoripoti matundu ya usalama kwenye mifumo, wakasainishwa mkataba wa kunyamaza ambao ulisema hawakuchukua data yoyote wakati walichukua. Uber ilikuja kusema mwisho wa 2017 chini ya uongozi mpya. Oktoba 2022 Sullivan akatiwa hatiani kwa kuvuruga uchunguzi na kuficha uhalifu, 2023 akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ikashikilia hukumu. Kwa hiyo yule aliadhibiwa kwa kuficha, na sina tatizo na hilo hata moja. Ila ukiziweka hizi mbili pamoja, Sullivan aliyefuatwa kwa kuficha kwa nje na SolarWinds iliyofuatwa kwa kutumia walichosema watu wake kwa ndani, mtu anayeongoza idara ya usalama anabaki na njia moja rahisi, asifiche, lakini pia ahakikishe hakuna kikubwa cha kufichwa kwa sababu hakuna aliyekiangalia.

Haya mambo hayakuanzia kwenye data. Yalianzia kwenye hataza na huko yameota mizizi kabisa, ila kwa kuwa hataza zinaonekana ni ugomvi wa mawakili na matajiri watu wengi hawazifuatilii. Hataza kimsingi ni mapatano: wewe mgunduzi unaiambia jamii umegundua nini na kinafanyaje kazi, kwa maandishi yaliyo wazi, na jamii inakupa miaka 20 tangu ulipoomba ambayo hakuna mwingine wa kukitumia bila ruhusa yako. Lengo la yale maandishi ni watu wasome wajifunze. Sasa muulize injinia wa programu kwenye kampuni yoyote kubwa kama huwa anasoma hataza, wengi watakwambia wameambiwa na mawakili wao wasisome, kabisa. Kwanini? Kwa sababu sheria ya Marekani inamruhusu jaji kuongeza fidia mpaka mara tatu, na kwa kawaida anafanya hivyo pale ambapo aliyekiuka alikiuka kwa makusudi, na makusudi yanaanzia kwenye kujua, halafu mwaka 2016 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Halo dhidi ya Pulse ililegeza masharti ya kupata hiyo fidia kubwa na ikasema kinachoangaliwa ni mtu alijua nini wakati anakiuka. Kwa hiyo maktaba nzima ya ugunduzi wa dunia, iliyojengwa ili isomwe, inakwepwa na walewale iliyojengwa kwa ajili yao. Na wanaoandika hataza nao wamejirekebisha kulingana na hali hiyo, wanaandika kwa lugha pana na nzito ili ikamate wengi, haieleweki hata ukiisoma mara tatu, maana hawamwandikii injinia, wanamwandikia jaji wa kesi ijayo.

Matokeo yake tumeyaona. Kampuni ya RIM iliyotengeneza BlackBerry ililipa dola milioni 612.5 mwaka 2006 kumalizana na NTP, kampuni ambayo haikuwa inauza simu wala kifaa chochote, ilikuwa na hataza tu, na hiyo ilitokea wakati ofisi ya hataza ya Marekani ilikuwa inazipitia upya hataza hizohizo na kuonyesha kwamba inazikataa. RIM walilipa kwa sababu amri ya kufunga huduma ilikuwa inawanyemelea na jopo la raia lilishasema walikiuka kwa makusudi. Ni kweli baadaye mambo yalipoa kiasi, mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikasema kwenye kesi ya eBay kwamba amri ya kumzuia mtu haitolewi hivihivi tu, na 2014 kwenye kesi ya Alice ikasema kuchukua wazo la kawaida na kuliweka kwenye kompyuta hakulifanyi kuwa ugunduzi. Lakini hilo la kujua halijaguswa, bado liko palepale.

Sasa rudi kwenye data uone mtindo ni uleule. Benki ya Capital One ilidukuliwa 2019, taarifa za watu kama milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada, na kampuni ikaagiza ripoti ya kitaalamu kueleza wadukuzi waliingiaje. Walioshtaki wakaiomba ile ripoti, kampuni ikasema haitolewi kwa sababu iliandaliwa kwa ajili ya kujitetea kwenye kesi, na 2020 mahakama ikasema hapana, ripoti hii mngeiandaa hata kama hakuna kesi, itoeni. Kisheria uamuzi ule unaeleweka. Lakini ushauri uliosambaa baada ya hapo ukawa kwamba ripoti ziwe fupi, mapendekezo yasiandikwe, ikiwezekana mtaalamu aeleze kwa mdomo, na kila kitu kipite kwa wakili kwanza. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, kampuni siitaji, kijana aliyekuwa ameipitia sava moja na kukuta milango imeachwa wazi alianza kueleza, akakatishwa akaambiwa afunge kompyuta, wataongea baadaye. Sijui kama waliongea. Ninachokumbuka ni kwamba hakufungua tena mdomo kwenye vikao vilivyofuata na mimi nilimwelewa.

Kuna hoja za upande mwingine na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ya wale wanaotaka faini ziwe kubwa zaidi, na Ulaya wameshaonyesha inawezekana, sheria yao ya data ya GDPR inaruhusu mpaka asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka duniani kote, Meta, wenye Facebook, ilipigwa euro bilioni 1.2 Mei 2023 kwa kupeleka data za watu wa Ulaya Marekani, TikTok euro milioni 530 Mei 2025 kwa mambo ya data kwenda China. Naikubali hii hoja kwa makosa ya makusudi kama hayo, ambapo kampuni ilikaa ikaamua kupeleka data sehemu fulani kwa sababu inaipa faida. Pale faini kubwa inabadilisha hesabu. Lakini kwenye udukuzi hesabu ni nyingine, kampuni haijaamua kuibiwa, imeamua kutoangalia. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo za watu, ndo mfano ninaourudia kila mara: Machi 2017 dunia nzima ilitangaziwa kwamba programu ya Apache Struts ina tundu na dawa yake ipo, Equifax hawakuiweka kwenye mfumo mmoja, walipotafuta tundu hawakuliona, na kile kifaa cha kukagua data zinazotoka kilikuwa hakioni kitu kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda bila mtu kukihuisha. Wezi wakakaa ndani kuanzia Mei mpaka mwisho wa Julai, watu milioni 147. Hiyo ilikuwa kampuni iliyokuwa kipofu kwa miezi, na mwaka 2019 ilikubali malipo ambayo yangeweza kufika dola milioni 700. Je, faini ya kutisha zaidi ingewafanya wakague mapema? Labda. Lakini faini hiyohiyo ukiiweka kwenye kampuni ambayo ukaguzi wa mwaka jana unaweza kutumika kuthibitisha kwamba ilijua, inaanza kuuogopa ukaguzi wenyewe.

Hoja ya pili ni ya watu wa usalama, wanaosema wakishtakiwa binafsi hakuna atakayekubali hiyo kazi. Hii naielewa kwa sababu mara nyingi wanapewa lawama bila bajeti, wanaomba fedha za kurekebisha wananyimwa halafu siku mambo yakiharibika jina linalotajwa ni lao. Ila wakitaka kinga ya jumla hapo siwaungi mkono. Mtu aliyesema ukweli ndani na kukataa kutia sahihi uongo nje anastahili kulindwa kwa nguvu zote, na mtu aliyesaini uongo asijifiche nyuma ya ugumu wa kazi. Kuna pia wanaosema kutangaza mapema kunawasaidia wadukuzi, na hii ina ukweli wake, tundu ambalo halijazibwa ukilitangaza kwa kina unawaonyesha wengine njia. Novemba 2023 genge la wadukuzi la AlphV lilifikia hatua ya kupeleka malalamiko SEC kwamba kampuni ya MeridianLink, waliyodai kuidukua wao wenyewe, haijatangaza tukio, kanuni mpya ya SEC ya kutangaza udukuzi mkubwa ndani ya siku nne za kazi ikiwa hata haijaanza kutumika. Yaani mwizi alitaka kuitumia sheria kama fimbo ya kudai fedha. Hilo linataka kanuni zitenganishe kumwambia msimamizi na kuutangazia umma, na zinaweza kutenganishwa bila shida.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba soko litawaadhibu wenyewe, wateja watahama, hisa zitaporomoka, sheria ya nini. Ushahidi unaikataa. FTC ilipoipiga Facebook dola bilioni 5 mwaka 2019 hisa zilipanda siku habari zilipotoka, kwa sababu wawekezaji walitarajia faini na waliona imekwisha. Equifax hisa zilishuka kwa theluthi moja hivi ndani ya siku chache na baadaye zikarudi zilipokuwa na kupita, na mtu wa kawaida hakuwa hata mteja wa kampuni hiyo, hakuwahi kuichagua, data zake zilikuwa zinakusanywa kutoka benki na kwa wakopeshaji, sasa atahamia wapi? Soko likiwa halijui haliadhibu. Yahoo watu wake wa usalama walijua 2014 kwamba data za mamia ya mamilioni ya akaunti zimeibiwa, dunia ikaambiwa 2016, na kile kilichoipunguzia Yahoo dola milioni 350 kwenye bei ya kuuzwa kwa kampuni ya simu ya Verizon ni taarifa kutoka, siyo wizi. Miaka yote miwili ya ukimya soko lilikuwa linaipa bei kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwa unaitegemea bei ikufanyie kazi ya sheria, umempa kila mwenye siri sababu ya kuendelea kuwa nayo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeuchukua huo msemo kumlaumu mgonjwa tu. Kama kila anayetaja maradhi yake anachapwa fimbo mlangoni, lazima tumwangalie na anayechapa. Kwenye usafiri wa anga waliliona hili zamani. Tangu 1976 Marekani wana mfumo wa kuripoti makosa unaoendeshwa na NASA, ambao siyo msimamizi wa ndege wala hauna mamlaka ya kumwadhibu mtu, rubani akikosea bila makusudi anaripoti ndani ya siku 10, jina linaondolewa, na ripoti yake haigeuzwi kuwa ushahidi wa kumtoza adhabu, isipokuwa kama ni jinai au ajali. Zimeshapokelewa ripoti zaidi ya milioni moja. Hakuna anayesema marubani wamedekezwa, maana anayeficha au anayefanya kwa makusudi bado anakamatwa, kilicholindwa ni kule kujua na kusema.

Kwenye mifumo ya kompyuta kulikuwa na kitu kinachokaribia hapo, ile bodi ya kupitia matukio ya usalama wa mtandao iliyoundwa na Marekani 2022, isiyotoza faini, ambayo 2024 ilitoa ripoti kali juu ya Microsoft na namna wadukuzi wanaohusishwa na China walivyoingia kwenye barua pepe za maofisa. Ripoti ile ilifundisha kuliko kesi yoyote niliyoisoma. Januari 2025 wajumbe wake wote waliondolewa, wakati wako katikati ya kuchunguza udukuzi wa kampuni za simu. Kwangu mimi hiyo ndo habari iliyostahili kelele zote zilizopigwa juu ya SolarWinds, na ilipita karibu kimyakimya.

Kitakachotuonyesha mambo yanaelekea wapi kiko karibu. Sheria mpya ya Ulaya ya bidhaa za kidijitali inaanza kudai kuanzia tarehe 11 Septemba 2026 kwamba mtengenezaji akijua tundu kwenye bidhaa yake linatumiwa na wadukuzi, atoe taarifa ya awali kwa mamlaka ndani ya saa 24, na ya kina zaidi ndani ya saa 72. Saa zinaanza kuhesabiwa pale anapojua. Neno hilo moja, anapojua, ndo litakalopiganiwa. Kampuni inayotaka kuwa salama kisheria inaweza kuwekeza ili ijue haraka, au inaweza kupanga idara zake ili taarifa ichelewe kumfikia yule ambaye kujua kwake kunahesabika. Wasimamizi wakianza kwa kuichukua kila taarifa ya mapema kama kukiri kosa, najua kampuni zitachagua ipi. Wakianza kwa kuwauliza waliochelewa maswali magumu kuliko waliowahi, wakataka kuona nani aliona nini siku gani na kwanini haikupanda juu, basi yule kijana wa kikaoni anaweza kuifungua tena kompyuta yake akamaliza alichokuwa anakisema.